Burton Baton ya Dogfish Head: bia inayotaka kunywewa "ya moto"

Chupa ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Niliitoa kwenye friji ikiwa inatoa jasho, nikaimimina na kuipiga haraka haraka kama mtu aliyetoka kubeba matofali. Nikaambulia uchungu mwingi na moto kooni, basi. Nikajisemea nimeliwa, maana pakiti ya chupa nne ilinigharimu zaidi ya pakiti ya sita za bia ninayoizoea.

Ya pili niliisahau mezani. Simu ilipigwa kutoka Kibosho, shemeji ana habari za mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, na habari za kihamba haziishi kwa dakika tano. Nilirudi kwenye glasi baada ya nusu saa. Ubaridi umekata, povu limebaki duara jembamba pembeni, na harufu inayopanda ni ya maganda ya chungwa na vanila. Nilionja funda moja nikakaa chini vizuri.

Kwa wasioijua: Dogfish Head ni watengenezaji wa bia wa jimbo la Delaware, Marekani. Sam Calagione aliwaanzisha mwaka 1995 kwa baa ndogo ya Rehoboth Beach, na kiwanda kikubwa kiko Milton, mji mdogo usio mbali na hapo. Mwaka 2019 wakaungana na Boston Beer, wale wa bia ya Samuel Adams. Burton Baton yenyewe ni bia mbili ndani ya chupa moja. Moja ni IPA nzito, aina ya bia chungu, iliyojaa hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu; nyingine ni ale, aina nyingine ya bia, ya mtindo wa kizamani wa Kiingereza, tamu tamu, yenye kimea kingi. Kila moja huchachuka kwenye tangi lake la chuma, halafu huchanganywa na kulazwa kwenye tangi kubwa la mti wa mwaloni kwa mwezi mmoja hivi. Kilevi ni asilimia 10, na uchungu ni 70 kwa kipimo cha IBU.

Niliwahi kupita Milton, mwendo wa zaidi ya saa mbili kutoka kwangu Maryland. Nje wameweka mti mkubwa wa chuma wenye kibanda juu yake, watoto hawataki kuondoka. Ndani ndiko kuna matangi ya mbao. Lile la mti wa palo santo kutoka Paraguai linabeba galoni 10,000, yaani lita karibu 38,000. Ukisimama chini yake unajiona sisimizi. Wenyewe wanapenda vituko: IPA yao ya 90 Minute hutiwa hopsi kidogo kidogo kwa dakika zote 90 za kuchemka, na mwanzoni Calagione alizidondosha kwa kutumia kibao cha mchezo wa mpira wa Kimarekani kinachotikisika kwa umeme.

Turudi kwenye glasi. Rangi ni ya shaba, inaelekea asali ya nyuki wadogo. Funda la kwanza ni utamu wa sukari guru iliyoanza kuungua. Katikati hopsi zinaingia na ule uchungu wa ganda la balungi, na mwishoni kabisa ndipo mti unapojitokeza: vanila, kidogo nazi kavu, halafu ukakasi. Ukakasi huu si wa bibo, ule unaokunja ulimi wote. Ni mwembamba, kama chai ya rangi iliyokaa kwenye birika. Unafuta utamu mdomoni na kukuita urudie.

Sasa niseme kilichonigusa zaidi. Nimekulia Kilimanjaro, na mbege, pombe yetu ya ndizi, haikamiliki bila mti wa msesewe. Ndizi mbivu zinachemshwa, ulezi uliomea unasagwa, lakini ganda la msesewe ndilo linaloipa uchungu. Bila hilo unakunywa uji mtamu. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba bia yenye ladha ya mti ni uvumbuzi wa hawa mafundi wa siku hizi, mimi natabasamu tu. Tofauti ni kwamba kwetu mti ndio unaoleta uchungu, na kwenye Burton Baton uchungu umeletwa na hopsi, mti umekuja kuutuliza. Bila mwaloni nadhani bia hii ingekuwa ugomvi mtupu.

Na wale wazee wa baa waliokuwa wakiulizwa "ya moto au baridi?" wakajibu "ya moto", sisi vijana tukawacheka, naomba radhi yao. Kwa bia hii wao ndio wenye haki. Baridi kali inaua harufu na kuacha uchungu peke yake. Itoe kwenye friji, iache nusu saa, uimimine kwenye glasi yenye tumbo, siyo kuinywa chupani.

Kasoro zipo. Kilevi kimefichwa mno. Chupa ni ndogo, mililita 355, lakini ina kilevi kingi kuliko chupa ya nusu lita ya nyumbani yenye asilimia 5. Nilipoinuka kwenda kugeuza mbuzi jikoni nilishika ukuta. Pili, utamu: ukifika nusu ya chupa unaanza kuchosha, na sidhani kama kuna mtu anayefurahia chupa ya pili jioni hiyohiyo. Tatu, usiinywe na pilipili mbuzi. Nilijaribu na kachumbari ya moto. Uchungu na kilevi vilikoleza pilipili hadi machozi. Mbuzi choma mwenye chumvi tu alikubaliana nayo vizuri, na jibini ngumu ya zamani ilikubaliana nayo kuliko mbuzi.

Mpenzi wa bia nyepesi ya kukata kiu asihangaike nayo, atanilaumu. Anayependa IPA kwa ajili ya harufu kali ya matunda naye atasema hopsi zimelala, na ni kweli, mti umezilaza. Mimi naipa 8 kati ya 10. Ningetoa 9 kama utamu ungepungua kidogo.

Zimebaki mbili. Moja nitaifungua mwezi huu, nyingine nataka niione baada ya mwaka, hopsi zikishafifia. Nimezificha gizani, kwenye kabati, na mke wangu ameshauliza mara mbili bia inafanya nini kwenye shelfu la unga wa ugali.