Spika nimezipenda, duka sitaki hata kulisikia

Naandika bado nina hasira, mnisamehe nikirukaruka.

Mwezi ule mvua zilipoanza nilinunua spika mbili za sebuleni na amplifaya yake, duka moja Kariakoo. Sabufa, ile spika kubwa ya besi peke yake, sikutaka. Nazijua zile: vioo vya madirisha vinatetemeka, jirani anagonga ukuta, na mwimbaji unamsikia kama kajifunika blanketi. Mimi nasikiliza dansi la zamani na taarab. Marehemu baba alipiga gitaa la besi miaka mingi, nimekulia mazoezini. Nataka nisikie kidole kinapoachia uzi, na ganuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, nayo nipate kila tone lake, vyote kwa pamoja bila kumezana.

Kijana wa duka akaja kuzifunga nyumbani. Akaunga waya mbio mbio, akapokea nauli, huyoo.

Nikawasha. Besi hamna. Sisemi kidogo, hamna! Gitaa la solo linalia, ganuni inalia, ila gitaa la besi limepotea, na mwimbaji hujui kasimama wapi, sauti imetawanyika chumba kizima. Nikazisogeza spika kwenye kona, maana kona huongeza besi. Nikatandika zulia ili sauti isigonge kwenye vigae. Wapi!

Kesho yake nikarudi dukani. Namweleza mwenye duka kwa adabu, yeye yuko kwenye simu yake. Nilipomaliza, bila hata kuinua uso: "Mama, mambo ya muziki haya kamlete mzee tuongee naye. Au ongeza laki mbili nikupe sabufa." Vijana wake wakacheka. Mimi, mtoto wa mpiga besi, niambiwe nikamlete mzee! Nilitoka pale natetemeka. Ningeandika siku ile ningewaambia msiziguse kabisa spika hizi, na ningekuwa nimezionea.

Jioni nikamwita fundi redio wa mtaani kwetu. Alisikiliza, hata dakika haikuisha, akachomoa waya wa spika moja. Jamani, besi ikaongezeka! Spika moja ikawa na besi kuliko mbili. Akaigeuza ile ya kushoto akanionyesha: waya mwekundu umeingizwa penye alama nyeusi, mweusi penye nyekundu. Hapo moja inasukuma hewa, mwenzake anavuta, besi zinauana katikati. Akabadilisha, akawasha tena.

Nilikaa chini. Mwimbaji yuko katikati kabisa, manyanga kulia, na lile gitaa la besi linatembea polepole chini ya kila kitu, kila uzi peke yake. Nilimkumbuka baba, machozi yakanitoka mbele ya fundi wa watu.

Kwa hiyo spika ni nzuri, nasema wazi. Kwenye zile kona nimezitoa, zimesogea mbele ya ukuta kama hatua moja, besi imetulia zaidi. Na duka, niseme haki, bei yao ilikuwa chini kuliko kote nilikozunguka. Labda ukienda nenda na nyimbo zako unazozijua, uzisikilize palepale, halafu waya ufunge mwenyewe, nyekundu kwa nyekundu.

Hapana. Msiende. Nikikumbuka kile kicheko damu inachemka. Maduka yamejaa mtaa uleule, ongeza elfu ishirini ununue kwa mtu anayekutazama usoni unapoongea naye.