Mwaka mzima na programu ya mazoezi ya askari: ninayoisifia na ninayoilalamikia

Kwa mwenye haraka: nyota 4 kati ya 5. Mwaka wa kwanza ulipokwisha nimeilipia tena, na ninaendelea nayo. Nyota moja nimeinyima kwa sababu ya sehemu yake ya shanta, yaani mazoezi ya kutembea na mzigo mgongoni, ambayo nimeiweka kando na sitaigusa mpaka iandikwe upya. Mwenye muda asome sababu.

Ni programu ya kwenye simu, ya kulipia kwa mwezi au kwa mwaka, iliyotungwa kwa ajili ya wanajeshi, polisi na wengine wa kazi za namna hiyo. Jina silitaji. Zipo nyingi za sampuli hii, na ninayoyasema yatakusaidia kuipima yoyote utakayokutana nayo. Mimi ni polisi wa doria, kazi ya zamu, na depo, yaani mafunzo ya awali ya uaskari, niliiacha zamani. Kikosini kwetu utaratibu unaojulikana ni mmoja: siku za kupimwa zikikaribia watu wanajikaza, wakishapita wanaachia, mwaka unaofuata wanaanza tena sifuri na magoti yaliyozeeka kidogo zaidi. Nilikuwa nimeuchoka utaratibu huo.

Kilichonifanya nilipie ni kwamba watunzi wake wanaonekana kuielewa kazi yenyewe. Mchezaji wa mpira anajua ligi inaanza lini na fainali ni lini. Mwalimu wake anampandisha taratibu ili siku hiyo awe moto, na msimu ukiisha anapumzika. Sisi hatuna fainali. Siku ya kumfukuza mtu kwenye ngazi za ghorofa, au ya kumburuta mwenzako aliyeumia mpaka penye usalama, haitangazwi, na inaweza kukukuta mwishoni mwa zamu ya usiku ukiwa na njaa. Mwili wa kazi hii hauhitaji kufika kileleni mara moja kwa mwaka. Unahitaji usishuke chini ya kiwango fulani siku yoyote ile. Programu nyingi nilizopitia huko nyuma zilikuwa ratiba za wanariadha zilizovalishwa magwanda.

Mpangilio wenyewe uko hivi. Mwaka umegawanywa katika vipindi vya wiki kadhaa. Kipindi kimoja kinasukuma nguvu: kunyanyua chuma kizito kutoka chini, kuchuchumaa na uzito mabegani, kujivuta kwenye bomba, kusukuma chuma juu ya kichwa. Kingine kinasukuma pumzi. Kingine ni cha shanta na kazi za mchanganyiko, yaani kubeba, kuburuta na kupanda. Kila baada ya wiki tatu au nne ngumu inakuja wiki ya kupunguza. Hadi hapo hakuna cha ajabu. Ninachokipenda ni kwamba kipindi cha pumzi kikiingia, nguvu haziachwi. Zinabaki na siku moja au mbili kwa wiki, seti chache (yaani mizunguko michache ya kila zoezi), lakini uzito ni ule ule uliokuwa unaunyanyua.

Ukiitazama juujuu utasema mtunzi amefanya uvivu. Seti mbili tu? Lakini hapo ndipo penye akili. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kuwa kwa watu ambao si wazee, nguvu zinaweza kudumu hadi wiki 32 kwa siku moja tu ya mazoezi kwa wiki na seti moja kwa kila zoezi, mradi uzito usipunguzwe. Pumzi inadai zaidi kidogo: angalau siku mbili kwa wiki, na hapo inaweza kushikilia hadi wiki 15, mradi mazoezi hayo yasilegezwe ukali wake. Kujenga ni ghali, kutunza ni rahisi. Kwa mtu mwenye zamu, ndugu zake, na mwili unaotakiwa kazini kesho, habari hiyo ina thamani kuliko zoezi lolote jipya.

Kuna sababu nyingine ya kutosukuma vyote kwa pamoja. Mwaka 1980 mtafiti Robert Hickson alichapisha jaribio la wiki 10 lenye makundi matatu: la nguvu tu, la pumzi tu, na la vyote viwili. Kundi la vyote viwili lilipata pumzi sawasawa na wenzao, lakini nguvu zao zilipanda mpaka kama wiki ya saba au ya nane, kisha zikaanza kurudi nyuma. Tangu hapo kuna watu wanatangaza kwamba kukimbia kunakula misuli, jambo ambalo ni kulitia chumvi jaribio lile. Watu wale walikuwa wakipiga vyuma siku tano kwa wiki na pumzi siku sita. Ukifanya hivyo huku unalinda lindo la usiku, hutahitaji mtafiti akuambie kitakachotokea. Programu hii imechukua njia ya kati: kimoja kinapanda, vingine vinashikiliwa.

Sasa nifike kwenye kitu ambacho peke yake kingetosha kunifanya nilipe. Kila asubuhi simu inakuuliza maswali matatu: umelala kiasi gani, unaumwa wapi, na jana ulijituma kwa kiwango gani kati ya 1 na 10. (Kipimo cha kujituma si chao, asili yake ni Gunnar Borg wa Uswidi, ambaye kipimo chake cha kwanza kilianzia 6 na kuishia 20 kwa sababu kilifuata mapigo ya moyo kwa makadirio, 60 mpaka 200.) Ukijibu vibaya siku kadhaa mfululizo, au ukibonyeza mwenyewe kwamba kazi imekubana, ratiba ya wiki inabadilika yote. Yanabaki mazoezi mafupi mawili kwa wiki, kila moja hivi: zoezi moja la miguu, moja la kusukuma, moja la kuvuta, seti mbili mbili za uzito wa kweli, basi, nusu saa unaondoka. Kukimbia kunageuka kuwa mwendo wa polepole au kutembea kwa haraka. Na haikudai deni. Wiki inayofuata haikurundikii ulichokikosa.

Waliowahi kufuata ratiba ya karatasi wanajua uzito wa jambo hili. Ratiba ya karatasi inakuacha na njia mbili tu: uifuate ukiwa hujalala, au uiache kabisa, na ukishaiacha wiki mbili hurudi. Wakati wa operesheni ndefu, zamu zikiwa zimeunganishwa, nilikaa kwenye wiki za namna hiyo kwa muda mrefu. Nilipotoka, uzito niliokuwa nanyanyua kutoka chini ulikuwa karibu pale pale. Kasi ya kukimbia ilishuka, naam, lakini ilirudi upesi.

Mazoezi ya pumzi yenyewe yataudhi watu, hasa waliokulia kwenye mchakamchaka wa alfajiri ambapo asiyetapika hajafanya kitu. Sehemu kubwa ni kukimbia polepole. Polepole kwa maana ya kuweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Mwenzangu mmoja alinikuta njiani akaniuliza, "Afande, unakimbia au unasindikiza mgeni?" Nilimjibu bila kukatika pumzi, na hiyo ndiyo ilikuwa sharti la siku. Mwendo huo unaongeza uwezo wa moyo kusukuma damu nyingi kwa kila pigo na kuifanya misuli itumie oksijeni vizuri zaidi, na kwa sababu hauchoshi sana, kesho yake unaweza kwenda kazini ukiwa mzima. Siku ya ukali ipo, moja kwa wiki: mbio fupi za nguvu, mapumziko, tena. Siku hiyo hakuna mazungumzo.

Nasifu pia kwamba hawakukariri ile hesabu ya kutafuta kilele cha mapigo ya moyo kwa kutoa umri kwenye 220 wakaigeuza sheria. Wameitaja kama makadirio, wakakuambia sikiliza pumzi yako kwanza.

Shanta, basi.

Kipindi cha shanta kinaanza vizuri, mzigo mdogo na umbali mfupi. Kisha ghafla uzito na umbali vinapanda wiki moja, na wiki inayofuata vinapanda tena vyote viwili, na juu yake wameweka kipande cha kukimbia ukiwa na mzigo. Hili sikubaliani nalo hata kidogo. Moyo na mapafu vinazoea mapema, misuli inafuata, mifupa na kano huja nyuma kabisa. Ndiyo maana mafunzo ya kijeshi duniani kote yanajulikana kwa kuvunja kuruta kwenye ugoko na nyayo: mtu anajisikia ana nguvu, kumbe mfupa bado haujajijenga upya, na nyufa ndogo zinaanza. Anayetunga ratiba ya mwaka mzima, na kuiuza kwa jina la kudumu, anatakiwa kupandisha kitu kimoja kwa wakati: ama uzito, ama umbali, ama kasi. Kukimbia na mzigo mgongoni kuna siku yake kazini, ikilazimu. Kwenye mazoezi faida yake ni ndogo na gharama yake ni magoti na kiuno. Ugoko wangu ulianza kulalamika mapema nikaacha kipindi hicho, nikakaa na mzigo usiozidi robo ya uzito wangu, siku moja kwa wiki, kutembea tu. Niliwaandikia. Majibu yalikuja kwa adabu, ratiba ikabaki vile vile.

Na kuna kasoro kubwa zaidi ambayo sijaona programu yoyote ya namna hii ikiishughulikia. Simu inajua nilichobeba mazoezini, haijui nilichobeba kazini. Fulana ya kuzuia risasi, mkanda na kila kinachoning'inia juu yake, redio, buti: kwa wengi wetu jumla inapita kilo 10, na unaivaa zamu nzima, unakaa nayo garini, unaruka nayo ukuta. Huo ni mzigo wa mazoezi, utake usitake. Siku niliyotembea doria ya miguu kwa saa nyingi nikiwa nimevaa vyote, programu iliniandikia "siku ya mapumziko" kwa sababu sikufungua zoezi lolote. Kesho yake ikanipangia kuchuchumaa na uzito. Dawa niliyoipata ni kuiingiza zamu nzito kwa mkono kama zoezi, na kuipa namba kwenye kile kipimo cha 1 mpaka 10. Inafanya kazi, ila hiyo ilitakiwa iwe kazi yao.

Kuhusu mitihani ya viungo: kuna kipindi maalumu cha kujiandaa nayo, unachagua mtihani wako nacho kinajipachika mwishoni mwa kipindi chochote ulichomo. Kimenitosha. Lakini usiinunue kwa ajili hiyo pekee, kwa sababu mitihani mingi inadai kidogo kuliko kazi. Polisi wa Uingereza na Wales, kwa mfano, wanatakiwa kufika hatua ya 5.4 kwenye mbio za mlio za mita 15 (unakwenda na kurudi ukiuwahi mlio unaozidi kuharakishwa), kiwango ambacho mtu mwenye mazoezi ya kawaida anakifika akiwa bado anatabasamu. Jeshi la nchi kavu la Marekani lilikaa kwa miongo kadhaa na pushapu, kukaa na kulala, na mbio za maili mbili, kisha mwaka 2022 likahamia rasmi kwenye mtihani wa mazoezi sita wenye kunyanyua chuma na kuburuta, na mwaka 2025 likapunguza moja. Wanapapasa, lakini mwelekeo ni huo huo wa programu hii: pushapu pekee hazimbebi majeruhi.

Mengine kwa haraka. Video zinaonekana vizuri na ni fupi. Vifaa: bila fito ya chuma na sahani zake za uzito utapata nusu ya faida; wana toleo la bila vifaa lakini limefanywa kwa kulazimisha. Intaneti ikikatika zoezi la siku linabaki, la kesho halifunguki. Kila mara wanakuletea matangazo ya unga wa virutubisho, na kuyazima ni safari ya kurasa nne. Sehemu ya chakula niliifungua mara moja nikaifunga.

Kuruta aliyeko depo asiinunue. Wakufunzi wake wanamtosha na kumzidi, na kumwongezea mazoezi juu ya yale ni kumtafutia majeraha. Mwenye jeraha la mgongo au goti aanze kwa daktari, kwa sababu yale maswali matatu ya asubuhi hayatofautishi maumivu ya misuli iliyochoka na maumivu ya kitu kilichoharibika. Kwa askari wa zamu mwenye miaka kadhaa kazini, anayetaka kufika kustaafu akiwa bado anapanda ngazi, ninaipendekeza. Lipia kwa mwezi kwanza. Pitia kipindi kimoja cha nguvu na kimoja cha pumzi, ingiza zamu zako nzito kwa mkono tangu siku ya kwanza, na kipindi cha shanta kikifika, gawanya umbali walioandika kwa mbili.