Vikokotoo vya maksi za AP siasa linganishi: pima kabla ya kuviamini

Kwa kijana wa Tabora anayejisomea mtihani wa AP (mpango wa Marekani wa masomo ya kiwango cha chuo kwa wanafunzi wa sekondari) wa serikali na siasa linganishi, kikokotoo cha bure cha mtandaoni ni msaada mzuri. Hakili bando, kinafunguka hata kwenye simu ndogo, na ndani ya dakika moja kinakuonyesha umesimama wapi kati ya 1 na 5. Kwa jumla tunavipa nyota tatu kati ya tano. Nyota mbili zimepotea kwa sababu vingi vinakosea hesabu, na mwanafunzi anaweza kusoma miezi mingi akiufuata mshale usio sahihi.

Kabla ya kujaza chochote, hesabu visanduku vya kujazia maksi. Mtihani wa sasa una maswali 55 ya kuchagua kwa dakika 60, halafu manne ya kujieleza kwa dakika 90. Kila sehemu ni nusu ya maksi. Ukikuta visanduku vinane vya kujieleza, funga ukurasa huo. Ni muundo wa zamani, ulioachwa kuanzia mwaka wa masomo 2019–20.

Kisha pima uzito. Weka sifuri kila mahali, halafu lipe swali la kwanza la kujieleza, lile la dhana, 4 kati ya 4. Jumla isome asilimia 11. Ikisoma 12.5, aliyekitengeneza amegawa maswali yote manne sawasawa, na sivyo yalivyo: dhana ni 11, takwimu 12.5, ulinganisho 12.5, insha ya hoja 14.

Sasa chukua mfano. Mtu amepata 38 kati ya 55 kwenye kuchagua, na kwenye kujieleza 2 kati ya 4, kisha 3 kati ya 5 mara tatu. Kuchagua kunampa 34.5, kujieleza 28.9, jumla ni kama 63. Akilipata swali la dhana lote, anaongeza 5.5. Kupata nyongeza hiyo kwenye kuchagua kunamtaka apate maswali sita zaidi. Ndiyo maana kikokotoo kizuri kina thamani: kinakuonyesha kwamba maksi moja ya kujieleza inakaribia maswali matatu ya kuchagua. Hilo ni muhimu kuliko ile tarakimu kubwa ya mwisho, ambayo ni makisio tu, kwa kuwa mipaka ya 3, 4 na 5 hukadiriwa na aliyetengeneza kikokotoo. Ukiona umeingia 4 kwa kugusa tu mstari, jihesabie 3 na uendelee kusoma.

Kosa kubwa zaidi hata hivyo linatoka kwa anayejaza. Wanafunzi hujipa maksi za huruma. College Board, shirika linaloandaa mtihani huu, huweka wazi maswali ya kujieleza ya miaka iliyopita pamoja na mwongozo wa kusahihishia. Vitoe kopi steshenari, mbadilishane karatasi na mwenzako, na asiyeandika ndiye asahihishe. Tuseme swali linataka mtu aeleze kwa nini utawala wa kimabavu hufanya uchaguzi. Jibu la "Iran kuna uchaguzi lakini si huru" ni sifuri, maana halijaeleza sababu. Jibu linalopata ni hili: Baraza la Walinzi lenye watu 12 huchuja wagombea kabla ya kura, hivyo watawala wanavuna uhalali wa kuchaguliwa bila kuhatarisha madaraka, kwa sababu mpinzani wa kweli hafiki kwenye karatasi ya kura. Tafuta "kwa sababu" kwenye kila jibu la kueleza. Isipokuwepo wala maana yake haipo, kata maksi.

Jambo jingine linawaumiza sana wanafunzi wa huku: mifano ya nyumbani. Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ni mfano mtamu wa mgawanyo wa madaraka, lakini kwenye ulinganisho na insha haupati kitu. Nchi zinazokubalika ni sita: Uingereza, Urusi, China, Iran, Meksiko na Nigeria. Insha inadai angalau vipande viwili vya ushahidi mahususi kutoka humo, na maksi moja nzima imewekwa kwa kujibu hoja ya upande wa pili. Wengi huiacha kwa kuishiwa muda, kwa hiyo gawa zile dakika 90 hivi: 10, 20, 20, na 40 za insha.

Kwenye kuchagua usiache pengo, jibu baya halikatwi maksi. Na usifanye mazoezi ya insha kwa kalamu peke yake. Majibu yote huchapwa kwenye programu ya Bluebook, ambayo haifanyi kazi kwenye simu. Azima kompyuta mapema, uchape insha nzima kwa dakika 40, ndipo maksi utakazojaza kwenye kikokotoo ziwe za kweli.