Filta moja kubwa au kila lenzi na yake?

Namba iliyo baada ya alama ya Ø kwenye lenzi ya kamera, mfano Ø67, ni kipenyo cha hesi ya filta (kioo kinachofungwa mbele ya lenzi) kwa milimita, si urefu wa fokasi. Mwenye lenzi za 52, 67 na 77 anaweza kununua polaraiza (filta ya kupunguza mng'ao) moja ya 77 na pete mbili za kupandishia, yaani za kufunga filta kubwa kwenye lenzi ndogo: 52–77 na 67–77. Gharama inashuka sana, ila kofia ya lenzi ndogo (ile ya kukinga mwanga wa pembeni) haiingii tena, na pete za alumini hupenda kung'ang'ana. Za shaba hufunguka kirahisi.

Filta ya kila lenzi ni ghali, lakini kofia inabaki. Kwa filta ya UV, inayowekwa kukinga kioo cha lenzi, chagua njia hii. Pete za kushushia, yaani za kufunga filta ndogo kwenye lenzi kubwa, ziache: kwenye lenzi pana hutia giza pembeni.