Laptopu Imekunywa Urojo, Leseni ya Windows Je?

Assalaam alaikum jamaa zangu wa Unguja na Pemba, na nyinyi mlioko ng'ambo mnaotutazama kwa simu. Kabla sijasema neno, tazameni hichi kitu. Leta kamera karibu. Karibu zaidi. Mnaiona hii manjano baina ya herufi G na H? Bizari hiyo. Mpwa wangu, miaka mitatu, kaja na bakuli la urojo. Mie nimegeuka kutafuta kijiko tu, nikirudi laptopu imeshashiba. Embe mbichi, ndimu, chumvi, pilipili, vyote vimeteremka mpaka kwenye bodi. Fundi kaifungua, kaitazama, kanitazama mie, kaifunga. Hata hela hakuniuliza.

Sasa leo sichambui urojo, ingawa wallahi nina langu la kusema kuhusu wale wanaotia chipsi za pakiti badala ya mhogo. Siku yao itafika. Leo nachambua kitu ambacho hukishiki mkononi lakini umekilipia: leseni ya Windows. Laptopu imekufa, leseni yangu niliinunua kwa pesa yangu. Inahama, au inazikwa nayo?

Mashine mpya hii hapa. Dell OptiPlex 7060, ya mtumba, nimeichukua duka moja hapa mjini, duka silitaji. Prosesa, ramu, hayo mnayajua, tusipotezeane muda. Nataka mjue moja tu: nimechagua kizazi cha 8 cha Intel kwa makusudi, kwa sababu Windows 11 inataka kuanzia hapo, na inataka TPM 2.0, kile kichipu cha usalama. Windows 10 imefungiwa duka, yaani Microsoft wameacha kuihudumia kama kawaida, tarehe 14 Oktoba 2025, na toka hapo sanduku langu la ujumbe limejaa watu wanaobadilisha mashine. Kwa hivyo hii si yangu peke yangu.

Muuzaji kanambia, namnukuu kama alivyosema: "Windows yake orijino, ya maisha." Nikaipakata kwenye daladala mpaka Jang'ombe, roho kwatu.

Nimefika, nimewasha, nikafungua Settings, System, Activation. Imeandikwa imeamilishwa, au kama tunavyosema madukani, imeaktivetiwa. Tiki ya kijani. Mtu wa kawaida anafunga hapo anakwenda kunywa chai. Mie nikasoma mstari wote. Inasema imeamilishwa kwa huduma ya shirika lako. Shirika gani? Mie shirika langu ni mie na huyu mdogo wangu anayeshika kamera, naye hata nauli simpi!

Hapa sasa tulieni, kwa sababu hichi ndicho kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye Windows nzima, na watu hawakijui. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, fungua. Kidirisha cheusi hicho. Andika slmgr, acha nafasi, mkwaju (/), halafu dli. Mkwaju ule unaolala kulia, si wa pili yake. Gonga Enter. Sasa usiguse kitu. Watu wanagonga mara tano wakidhani imekwama, halafu visanduku vitano vinawarukia. Inachukua sekunde kadhaa. Ngoja… ngoja… haya, kimekuja.

Kisanduku kidogo, kibaya kwa sura, kama kimetoka enzi za Windows 98. Lakini hakidanganyi. Shuka mstari wa maelezo, tafuta neno lililo kabla ya "channel". Hapo pana majibu matatu ya kuyajua. Ukikuta RETAIL, leseni ni yako wewe, unaweza kuihamisha kwenda mashine nyengine maadamu ya zamani huitumii nayo. Ukikuta OEM, na mara nyingi itakuwa OEM_DM, leseni ni ya ile mashine, ilizaliwa nayo kiwandani, na kwa masharti ya Microsoft inakufa nayo. Bodi ikioza, basi tena. Ukikuta VOLUME, hiyo ni ya makampuni na vyuo.

Yangu mnaiona? VOLUME_KMSCLIENT. Na hapo chini, tarakimu tano za mwisho za ufunguo, ile namba ya kuiamilishia Windows: T83GX. Hizo nazijua kwa moyo, kwa sababu si siri. Microsoft wenyewe wameutangaza ufunguo huo kwa Windows Pro za ofisini. Peke yake haufungui kitu, unaiambia mashine tu: nenda katafute seva, yaani kompyuta kuu ya kampuni yako, ikuamilishe. Na hiyo seva kihalali haianzi kuamilisha Windows za watumiaji mpaka zifike kompyuta 25 zilizoiomba. Hebu niambieni, kompyuta moja ya Jang'ombe inatafuta seva ya nani?

Halafu muda. Mstari huu unahesabu kwa dakika. KMS, ndiyo njia hiyo ya seva ya kampuni, inapewa siku 180, yaani dakika 259,200, kisha lazima irudi kwa seva ijikumbushe. Yangu imebakiza siku 148. Kwa hiyo "ya maisha" ya muuzaji yule ni siku 180. Maisha ya nani, ya mbu?

Ngojeni, muadhini anaadhini. Tunasimama kidogo.

Haya, tumerudi. Nipenyeze tangazo hapohapo: video zetu zinahamia Ijumaa baada ya Isha, maana mchana hapa mtaani pikipiki hazinipi nafasi. Na kengele igongeni. Wengi mnatazama bila kujiunga, naiona takwimu, siwataji majina.

Tuendelee. Leseni yangu ya zamani. Laptopu ile niliinunua tupu, imekuja na FreeDOS, kimfumo kidogo cha bure, haina Windows kabisa. Kwa hivyo mwaka 2019 nilinunua Windows 10 Pro ya boksi, RETAIL, kwa bei iliyonitoa jasho. Boksi lilishapotea. Kadi alikuwa nayo mama, ndani ya kopo la biskuti, pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa na karafuu za kufukuzia wadudu. Allah ambariki. Ila masika mengi yamepita juu ya kopo hilo, na kadi imeota ukungu. Nainyanyua hapa, nimeziba namba kwa kidole, na nyinyi msije mkaonesha zenu kwenye kamera, mtu anasimamisha video anazinakili.

Namba ni 25, mafungu matano ya tano tano. Fungu la pili hapa, herufi moja imefutika imebaki kama duara. Mdogo wangu anasema sifuri. Mama anasema O. Wote wamekosea, na wala sihitaji miwani kulijua hilo. Funguo za Windows hazina sifuri na hazina O! Hazina irabu hata moja. A, E, I, O, U zote hamna. Hamna L, hamna S, hamna Z. Na kwenye tarakimu hamna 0, hamna 1, hamna 5. Waliziondoa zinazofanana ili tusibabaike. Kwa hiyo duara lililofutika ni Q au D, au G iliyokatika. Na hapa kwenye fungu la nne pana kitu kama S au 5. Zote mbili haziwezekani, basi hiyo ni 8 au B iliyoliwa upande. Nikaandika karatasini: tatu kwa mbili, njia sita. Nikaanza kujaribu. Ya kwanza imekataa. Ya pili imekataa. Ya tatu, Settings ile ile, Activation, badilisha ufunguo, bandika, Next… imekubali. Nilipiga kelele mpaka jirani kaja kuuliza kuna nini.

Nikarudia slmgr dli. RETAIL. Tarakimu tano za mwisho ni za kadi ya mama. Kwa hiyo jibu la swali letu: ndiyo, leseni ya RETAIL inahama, na hata ya Windows 10 inafungua Windows 11 ya aina ileile, Pro kwa Pro, Home kwa Home. Za Windows 7 na 8, hizo toka Septemba 2023 wameufunga mlango.

Sasa mtaniuliza, na ile laptopu ikiwa hai? Basi kule unaandika slmgr mkwaju upk, ufunguo unatoka. Lakini msidanganywe na wale wanaosema amri hiyo "inairudisha leseni Microsoft". Hairudishi kitu popote, inaufuta ufunguo kwenye mashine ile tu. Unafanya hivyo ili usiwe na mashine mbili kwa leseni moja, na ili utakayemuuzia asiondoke na Windows yako. Na ukiwa huna kadi lakini uliwahi kuiunga Windows na akaunti ya Microsoft, jambo linalowezekana toka mwaka 2016, pale kwenye Activation pana Troubleshoot, unachagua kwamba umebadilisha vifaa, unaitafuta mashine yako ya zamani kwa jina. Ndiyo maana nawaambieni ipeni kompyuta jina la kueleweka. Ukikuta orodha ya DESKTOP na takataka za herufi mbele yake, utajuaje ipi ya kwako ipi ya shemeji yako?

Hapa nilikuwa nishaanza kufunga video. Nafuta vumbi la kasha, kitambaa kikapita ubavuni, kikatokea kibandiko kidogo kimeandikwa Windows Pro. Moyo ukanishtuka. Mashine za ofisini kama hizi, toka enzi za Windows 8, ufunguo wake hauandikwi tena kwenye kibandiko, unatiwa ndani ya bodi yenyewe. Kuusoma, fungua PowerShell, kidirisha chengine cha amri, andika hii naiweka kwenye skrini: (Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey. Ile amri ya zamani ya wmic mliyozoea, Windows 11 za karibuni huikuti. Gonga Enter.

Mafungu matano, yamejaa.

Yakhe, mashine ilikuwa na leseni yake halali tumboni siku zote! Mtu dukani kaja na flashi yake, kaifuta, kaweka Windows iliyokrakiwa juu ya Windows orijino. Kwa nini? Sijui, na sidhani kama mwenyewe anajua. Kazoea tu. Mashine kumi, flashi moja, zote zinapita humo. Mie nimekesha na kadi yenye ukungu nikihamisha leseni kwenda mahali palipokuwa na leseni.

Nikaanza upya. Flashi ya gigabaiti 8, programu ya kutengenezea nimeichukua tovuti ya Microsoft, nikaformati kila kitu, maana kilichokrakiwa sijui kimekuja na wageni gani. Na tazameni: wakati wa kuingiza Windows haikuniuliza ufunguo kabisa. Imeusoma kwenye bodi yenyewe. Nimeunga intaneti, imejiamilisha. dli inasema OEM_DM. Safi.

Bei. Windows 11 Pro kwa Microsoft, Marekani, ni dola 199.99, na Home ni dola 139. Pro ukiigeuza shilingi unaikaribia laki tano. Kwa bei hiyo, na mtu ambaye kazi yake ni kuandika barua na kuangalia mpira, mie nasema kwa mdomo wangu, wekeni Linux Mint, mfumo mwengine badala ya Windows, bure, haikuulizi leseni maisha, yale ya kweli. Nilisema mwaka jana Linux haifai kwa nyumbani, najua, msinitumie ile video. Nimebadilika. Ila mama anataka Windows, na kwa mama hakuna mjadala. Na hizi funguo za dola kumi na tano mtandaoni? Nyingi ni za VOLUME au za mashine nyengine. Ukishanunua, kisanduku kile kitakwambia ulichonunua, ila pesa haikurudishii.

Alama zangu: leseni ya RETAIL, nane kwa kumi, mbili nimezikata kwa bei. Kisanduku cha slmgr, kumi. Muuzaji wangu, nimerudi kwake juzi, nimemfungulia amri ile ya PowerShell kwenye mashine tatu alizonazo mezani. Mbili zimetoa ufunguo. Kaniuliza, "Sasa hizo namba za nini?" Nikamuonesha, kaandika amri nyuma ya risiti.

Leseni yangu ya kadi sasa iko huru, nayo itahamia kwenye kompyuta ya dada yangu kule Wete, ambayo kwenye bodi haina kitu, nimeshaikagua kwa simu. Ijumaa napanda boti, tutaifanya mbele yenu. Kadi narudisha kwenye kopo, mama kashaniuliza mara mbili.