TAHADHARI: Gari jipya linalozimika barabarani, na jobu kadi inayoandika "sevisi ya kawaida"

Ndugu zangu wa Dodoma, Singida na wote mnaokuja huku kuchukua gari jipya, someni hili kabla hamjalipa. Kuna muuzaji hapa mjini anauza magari ya kilomita sifuri. Yadi safi, lugha nzuri, waranti yenye mhuri. Jina siliweki kwa sababu madai yetu yako kwa wakili, ila mbinu yake naianika yote, maana hata mwingine anaweza kukufanyia hivyo hivyo.

Gari letu lilianza kuzimika viti vikiwa bado na nailoni. Na linazimika likiwa kwenye mwendo: taa ya injini inawaka, nguvu inakata, usukani unakuwa mzito ghafla. Mara moja ilitokea kati ya Kibaigwa na Gairo, mke wangu ndiye anaendesha na watoto wako nyuma. Anayeijua barabara ile anajua semitrela zinavyofuatana pale. Kwa hiyo mtu akiniambia gari jipya lina usumbufu mdogo mdogo hadi lizoee, simwelewi kabisa.

Tulilirudisha, wakalishika, wakatuambia tayari. Likazima tena. Tukarudisha tena, ikawa ndiyo maisha.

Sasa mchezo wenyewe uko kwenye karatasi. Unamweleza dada wa mapokezi kwamba gari linazimika barabarani. Anakusikiliza vizuri tu, anakupa pole, halafu kwenye jobu kadi, ile karatasi ya gereji ya kuandika tatizo la gari na kazi ya kufanywa, anaandika: "Sevisi ya kawaida." Ukienda kulichukua unapewa fomu usaini, na chini kabisa kwa maandishi madogo imeandikwa: "Nimelipokea gari likiwa katika hali nzuri." Usiposaini, ufunguo hupewi. Zipange hizo kadi mezani umwonyeshe mtu asiyejua kitu: atakwambia gari hili halijawahi kuumwa, limekuwa likimwagwa oili tu. Huku nyuma waranti inakatika. Ukija juu, wanasema mafuta ya sheli za huku ni machafu.

Ndiyo maana nasisitiza: usiondoke pale na kadi ambayo haijataja ugonjwa. Mwambie aandike maneno yako kama ulivyoyasema, tarehe na kilomita. Akikataa, andika mwenyewe kwa kalamu yako juu ya saini: "Limezimika barabarani, sijathibitisha kama limepona." Piga picha hapo hapo mbele yake. Ukifika nyumbani mtumie meseji au barua pepe ukirudia hayo hayo, ili kuwe na kitu cha maandishi hata kama kadi itapotea huko kwao. Likizimika, aliyekaa pembeni arekodi dashibodi, kilomita zionekane. Risiti za sevisi na za mafuta usitupe hata moja. Na akileta hadithi ya mafuta, mwambie aiandike, sampuli itolewe kwenye tangi mkiwapo wote wawili. Ubora wa mafuta unasimamiwa na EWURA, mamlaka ya serikali ya udhibiti wa nishati na maji, hivyo hilo ni jambo la kupimwa, si la kubishaniwa kaunta.

Fundi wa nje anaweza kulipima kwa mashine na kukupa majibu kwenye karatasi. Lakini asifungue hata nati moja. Wanasubiri sababu hiyo tu wakwambie waranti imekufa.

Kuhusu sheria, wengi tunadhani haki yetu inaanza na kuishia kwenye waranti. Si kweli. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, kifungu cha 16, inaingiza ndani ya mkataba sharti kwamba bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara wa bidhaa hizo iwe na ubora unaostahili kuuzwa, hata kama hakuna aliyelitamka. Soma mkataba kabla ya kusaini uone kama kuna kipengele kinachokunyang'anya haki hiyo. Ukikikuta, kikatwe au uondoke na hela yako.

Shida ni muda. Gari likishakuwa mali yako, na ukaendelea kulitumia bila kumwambia muuzaji kwamba umelikataa, unajiweka pabaya: sheria inaweza kukuhesabu umelikubali, ukabaki na kudai fidia badala ya kulirudisha na kuchukua hela yako. Ile "njoo wiki ijayo" ndiyo inayokula haki hiyo. Kudai kwa mkataba uliovunjwa kuna ukomo wa miaka 6, lakini usijifariji na miaka hiyo. Ugonjwa uleule ukirudi baada ya matengenezo, andika notisi ya kulikataa mapema, na ni vizuri ipitie kwa wakili.

Kuna pia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC. Inakataza kumpotosha mlaji, na ina sehemu zinazohusu masharti ya mkataba wa mlaji na wajibu wa mtengenezaji. Malalamiko yakiwa na karatasi zake yanapelekwa huko. Fidia yenyewe mkishindwana, mahakama ipo.

Zile klipu zinazozunguka kwenye WhatsApp kwamba likitengenezwa mara nne unarudishiwa hela ni za Marekani. Huko majimbo yana sheria maalumu za magari mapya mabovu, Connecticut ikianza mwaka 1982. Afrika Kusini nayo, kwa sheria yake ya mwaka 2008, inampa mnunuzi miezi 6 ya kurudisha bidhaa mbovu. Usiende kumtishia muuzaji wa Dodoma kwa sheria za huko, atakuona hujui unachodai. Za kwetu zinatosha kumbana ukiwa na maandishi, ingawa binafsi naona Bunge lingetutendea haki likiweka idadi ya matengenezo inayoeleweka na kila mtu.

Mliochukua kwa mkopo, kadi ya umiliki wa gari ina jina la benki pia. Msikate marejesho kwa hasira, benki haitajali injini inazima au haizimi. Wapelekeeni nakala ya notisi ili wajue gari lina mgogoro.

Na kama umenunua kwa muuzaji ambaye jobu kadi zake zote zinasema "sevisi ya kawaida" wakati gari linakuzimikia, nitumie ujumbe pembeni, uambatanishe picha za kadi hizo ukiwa umeficha namba ya gari. Tukikuta ni mtu yule yule, wakili ameshasema malalamiko ya FCC tuyapeleke kwa pamoja.