Elimination Blackjack: nilikuwa na 20 mkononi na bado nikatolewa

Mi blekijeki ya kawaida, ule mchezo wa karata wa kukaribia 21 bila kuzidi, nimeicheza miaka, ile ya wewe na mgawaji tu, jirani yako hata akiungua hakuhusu. Nikaingia kwenye hii ya mchujo nikidhani ni ileile wameibandika jina jipya. Thubutu. Nimeicheza wiki tatu sasa kwenye simu, chipu za bure hakuna hela inayotoka, programu yenyewe siitaji maana nina ugomvi nayo nitausema huko chini.

Kwa asiyeijua: mnakaa watu 7 mezani, kila mtu anaanza na chipu sawa, migao ni 30. Ukifika mgao wa 8 mwenye chipu chache kuliko wote anatoka, wa 16 hivyohivyo, wa 25 tena, waliobaki wanamalizana mpaka wa 30 na mwenye nyingi ndo anabeba meza. Ukiishiwa katikati ndo basi, husubiriwi. Karata zenyewe ni zilezile, ree ni 1 au 11, wazungu (zile karata zenye picha za watu) wote 10, ukizidi 21 umeungua. Aliyeibuni anatajwa kuwa Russ Hamilton, yule bingwa wa dunia wa poka wa 1994, na mwaka 2006 CBS ya Marekani ikawa inaionyesha kwenye TV kama Ultimate Blackjack Tour.

Sasa utamu uko kwenye beti ya siri. Kila mchezaji anayo moja tu kwa meza nzima: badala ya kusukuma chipu watu wakaona unaandika kiasi chako, hakuna anayejua mpaka karata zichezwe. Unaweza kuona ni kitu kidogo, subiri nikwambie.

Mgao wa 16. Wawili ndo tuko mkiani, mimi nina 8,200 na jamaa wa kulia kwangu ana 7,900, wengine wako mbali huko juu wanatuangalia tu. Kitufe cha zamu kiko kwake kwahiyo anabeti yeye kwanza. Kikawaida hapo mi sina presha kabisa, akiweka 3,000 naweka 3,000, mgawaji akitupiga wote au tukimpiga wote bado niko mbele kwa zile 300. Jamaa akaandika ya siri. Nikasema huyu kajilipua, kaweka karibu zote, nami nikaweka 5,000. Nikapata 20 safi, yeye 18, mgawaji kaonyesha 6, yaani nilishaanza kutabasamu. Anafunua iliyofichwa ni 5, anavuta nyingine, mzungu. 21. Meza nzima tumelia, mi nimebaki na 3,200, halafu ndo beti ya jamaa inafunguliwa: 500. Mia tano tu! Kanitega nikategeka na akabaki na 7,400 zake nikatolewa mimi. Nilicheka mwenyewe kama chizi maana sikuonewa, karata zangu zilikuwa nzuri kuliko zake, beti yangu ndo ilikuwa ya kijinga.

Na hapo ndo mi naipenda kuliko ya kawaida. Kule ukishakariri lile jedwali la lini uongeze karata lini usimame, kasino inabaki na faida ya kama nusu asilimia hivi na wewe unacheza kama mashine. Huku jedwali linakusaidia mpaka migao miwili kabla ya mchujo, baada ya hapo unahesabu chipu za watu, kuna siku unadabo (unaongeza beti mara mbili na kupewa karata moja tu) ukiwa na 15 kitu ambacho meza ya kawaida wangekuona umerukwa na akili, ila kama ndo njia pekee ya kumpita mtu unafanyaje?

Mabaya yapo. Migao ya mwanzo inachosha, watu wanaweka kiwango cha chini wanasubiriana, mpaka wa 5 au wa 6 hamna kinachoendelea. Na ukikalia nafasi ya kubeti kwanza kwenye mgao wa mchujo bila beti ya siri mkononi umekwisha, kila mtu anakupimia, kitufe kinazunguka sawa lakini kikufikie lini ni bahati tu.

Ila hasira zangu ni kwa hiyo programu. Kitufe cha beti ya siri wamekigandisha pembeni ya cha kubeti kawaida, kidole kikiteleza kidogo umeshaitumia kwenye mgao wa 3 na hakuna swali la una uhakika. Imenitokea mara mbili. Halafu chipu za wapinzani huzioni mpaka umguse mmojammoja huku saa inakimbia, kwenye gemu ambayo kazi yake yote ni kuhesabu chipu za wenzako! Sheria nazipa nyota tano, programu nyota mbili, na usiku huu narudi mezani nikiwa na beti yangu ya siri, nitaandika 500.